Mzee wa Miaka 111 na Mkono wa Adui

Somo lililotolewa na mwinjilisti katika ibada ya shukrani ya maadhimisho ya miaka 25 ya ushirika wetu wa Holili na Taveta. Limeandikwa kama lilivyosemwa, marudio yamepunguzwa.

 

   Ndugu zetu wa Taveta mliovuka asubuhi hii, karibuni nyumbani, na poleni kwa foleni.

Nimepewa dakika arobaini. Mratibu ameniita pembeni akaniambia, "Mwinjilisti, leo usituhubirie kama mkutano wa nje. Tupe somo moja, watu waende nalo nyumbani." Nimetii. Kwa hiyo leo sitapiga kelele sana. Nataka niwasimulie habari za mzee mmoja, fundi bomba wa kijijini Uingereza, aliyepigana vita akiwa kijana na akafa akiwa na miaka 111. Kama unajiuliza fundi bomba wa Uingereza ameingiaje katika sherehe yetu ya Holili na Taveta, nivumilie. Tutafika.

Tuanze na Neno. Wenye Biblia fungueni Zaburi ya 90. Zaburi hii ni maombi ya Musa, mtu wa Mungu. Ukifika mstari wa kumi, Musa anahesabu umri wa mwanadamu. Anatupa miaka sabini. Mtu akiwa na nguvu, anamwongezea kumi, anafika themanini. Na mstari wa kumi na mbili anaomba Mungu atufundishe kuhesabu siku zetu, tupate moyo wa hekima. Hizo namba mbili, sabini na themanini, zishike. Tutazihitaji.

Mzee ninayemsema anaitwa Harry Patch. Alizaliwa tarehe 17 Juni 1898 katika kijiji cha Combe Down, karibu na mji wa Bath, mkoa wa Somerset. Baba yake alikuwa fundi wa kujenga kwa mawe. Harry aliacha shule mwaka 1913, akaingia kujifunza ufundi bomba. Mwaka uliofuata Vita Kuu ya Kwanza ikaanza. Kaka yake alikuwa askari, akajeruhiwa mapema, na alipomsimulia mdogo wake hali ya mahandaki, Harry hakutamani kwenda. Hakuwa kijana wa kukimbilia bunduki. Lakini ilipofika 1916 sheria ya kuandikisha watu kwa lazima ilikuwa imeshapita, barua ikaja, akaenda. Hakuulizwa kama anataka.

Juni 1917, mwezi aliotimiza miaka 19, alifikishwa kwenye mstari wa mbele. Vijana wetu wa miaka 19 wako hapa, simameni kidogo tuwaone. Haya, kaeni. Umri huo huo.

Aliwekwa kwenye kundi la watu watano wanaohudumia bunduki moja ya rashasha. Mmoja anapiga, mwingine yuko ubavuni anabadilisha risasi na vipuri, watatu wanabeba mzigo. Harry ndiye aliyekuwa ubavuni mwa mpigaji. Hao watano wakawa kama ndugu wa tumbo moja. Kifurushi kikitoka nyumbani kwa mmoja, kinagawanywa mara tano. Na sasa sikilizeni jambo la ajabu. Wale vijana watano walikubaliana wenyewe kwa wenyewe kwamba wakiweza kuepuka kuua, hawataua. Watapiga chini, miguuni. Mkuu wao hakuwaagiza hivyo. Ni mapatano ya watoto watano kwenye matope.

Na matope kweli yalikuwepo. Vita ile ya Passchendaele, kule Ubelgiji, ilianza tarehe 31 Julai 1917 ikaisha tarehe 10 Novemba. Makombora yalikuwa yamevunja mitaro yote ya maji mashambani, na mvua ikanyesha. Ardhi ikawa uji. Mtu akianguka kwenye shimo la kombora akiwa na mzigo mgongoni, anazama. Farasi wanazama. Wamekufa watu wengi mno pande zote mbili, kwa sababu ya kilomita chache za udongo.

Siku moja ya Agosti kikosi chao kilivuka kijito kiitwacho Steenbeek kwenda mbele. Njiani Harry na wenzake wakamkuta askari wa kwao amepasuliwa na kipande cha kombora kutoka begani hadi kiunoni. Yule kijana akawaomba wampige risasi wamalize mateso yake. Kabla hawajafanya lolote akakata roho, na neno lake la mwisho lilikuwa moja tu: mama. Harry alikuwa naye katika ile dakika ya mwisho. Alikuja kusema, uzeeni, kwamba lile neno halikutoka kama kilio cha mtu aliyekata tamaa. Lilitoka kama mtu aliyeshangaa kwa furaha, kama mtu aliyemwona mama yake amekuja kumpokea. Na tangu siku hiyo akaamini kwamba kifo si mwisho.

Wakasonga mbele. Wakafika mstari wa pili wa Wajerumani. Mjerumani mmoja akatoka anamjia Harry mbio, singe iko mbele ya bunduki. Harry ana bastola mkononi. Akampiga begani, yule bwana akaangusha bunduki, lakini bado anakuja, anapiga kelele kwa Kijerumani. Harry alikuwa na risasi zaidi. Alikuwa na sekunde chache tu za kuamua. Na katika zile sekunde, anasema, alimkumbuka Musa akishuka kutoka mlima Sinai na zile amri, na ile amri inayokataza kuua. Kutoka ishirini, mmeipata? Akashusha mkono. Akampiga juu ya kifundo cha mguu, kisha juu ya goti. Yule Mjerumani akaanguka, akabaki hai.

Wapendwa, mimi nimehubiri Kutoka ishirini mara nyingi sana. Nimeifundisha shule ya Jumapili, nimeifundisha kwenye semina za ndoa. Lakini sijawahi kuihitaji kwa sekunde nne mtu akinijia na singe. Yule kijana alifundishwa kanisani kijijini kwao, labda na mwalimu ambaye hakujua kama kuna mtoto anayesikiliza. Walimu wa watoto, mko wapi? Msichoke.

Halafu ikaja tarehe 22 Septemba 1917. Usiku, wanarudi kutoka mstari wa mbele, wamechoka, kombora likapasuka juu yao. Watatu kati ya wale watano, wale waliokuwa wanabeba risasi, wakafa pale pale. Hapakubaki hata cha kuzika. Harry akapigwa na kipande cha chuma tumboni chini. Madaktari wakakitoa bila sindano ya ganzi, wenzake wamemshika mikono na miguu. Akarudishwa Uingereza, na vita kwake ikaishia hapo.

Hesabuni. Kuanzia Juni mpaka Septemba. Haizidi miezi minne. Katika miaka 111 aliyoishi, vita ilimchukua miezi minne tu kwa mwili. Lakini kwa moyo ilimchukua muda gani? Hapo ndipo penye somo letu.

Harry alipona. Mwaka 1919 akaoa binti aitwaye Ada, wakapata watoto wawili wa kiume. Akarudi kwenye mabomba yake. Alishiriki hata kazi ya ujenzi wa mnara mkubwa wa Wills kule Bristol. Vita ya pili ilipokuja alikuwa ameshapita umri wa kupigana, akajitolea kuzima moto mji wa Bath ulipopigwa mabomu mwaka 1942. Akastaafu 1963. Mtu wa kawaida kabisa, mlipa kodi, jirani mwema. Na katika miaka yote hiyo hakumwambia mtu habari za vita. Hata mke wake. Ada alifariki mwaka 1976, wamekaa pamoja karibu miaka sitini, kitanda kimoja, meza moja, na hakuwahi kumwambia.

Filamu za vita zikionyeshwa, haangalii. Watu wakikusanyika tarehe 11 Novemba kukumbuka mashujaa, yeye hiyo haikuwa siku yake. Siku yake ilikuwa tarehe 22 Septemba. Siku hiyo anajifungia na wale watatu wake. Alipokuwa mzee sana, anaishi kwenye nyumba ya kulea wazee katika mji wa Wells, taa ikiwashwa ghafla usiku ng'ambo ya chumba chake, anaruka. Anaona lile kombora. Miaka themanini imepita, kombora bado linapasuka.

Alianza kusema mwaka 1998, alipotimiza miaka mia moja. Watu wa televisheni walikuwa wanawatafuta maaskari wa vita ile waliobaki. Walikuwa wamebaki wachache, na akaona kwamba asiposema yeye, wale watatu hawatakuwa na wa kuwasemea.

Sasa rudini kwa Musa. Kutoka 1917 hadi 1998 ni miaka mingapi? Themanini na moja. Musa anasema umri wa mtu mwenye nguvu ni themanini. Yaani yule mzee alinyamaza umri mzima wa mtu! Mtu azaliwe, aoe, azae, azeeke, azikwe, na yeye bado hajafungua mdomo. Mungu alimpa miaka thelathini na moja juu ya ile themanini ya Musa. Asingepewa ile nyongeza, tungejua nini? Angekufa nalo.

Ndugu, wewe na mimi hatujaahidiwa nyongeza.

Hapa niseme kitu cha nyumbani kwangu. Babu yangu mzaa baba alikuwa Keya. Wazee wanajua, ni KAR. Alikwenda Burma katika vita ya pili. Alirudi na koti zito na sanduku la bati, na hakusema kitu. Sisi wajukuu tulikuwa tunamcheka, kwa sababu mlango ukijibamiza kwa upepo anajitupa chini. Mzee mzima anajitupa chini kwenye vumbi! Tulikuwa tunaubamiza mlango makusudi. Mungu atusamehe. Akiwa anaota usiku anaita majina ya watu ambao hatuwajui, bibi anatuambia tulaleni, babu yenu anaongea na wenzake. Hakuna aliyekaa naye akamuuliza wenzako ni nani. Nilipomaliza chuo cha Biblia, nina akili kidogo, nikasema sasa nitamuuliza babu. Babu alikuwa ameshazikwa miaka minne. Yale majina yamekwenda naye. Kuna watu walikufa Burma, labda hawana mtu duniani anayewakumbuka, na mtu pekee aliyekuwa anawaita usiku alikuwa nyumbani kwetu, na sisi tulikuwa tunambamizia mlango.

Kwa hiyo neno langu la kwanza leo ni hili. Wazee wetu waulizwe wakiwa hai. Ushirika huu una miaka 25. Wazee waliouanzisha wameketi hapa mbele. Wengine tumeshawazika. Wanajua mambo ambayo hayako kwenye hili gazeti la kumbukumbu. Wanajua nani alilala njaa, nani aliuza mbuzi tupate nauli, na wanajua pia yaliyoumiza. Vijana, hizo simu mnazopigia picha za chakula, zitumieni kurekodi wazee. Na ninyi wazee wangu, kwa heshima, msinyamaze mkidhani mnatulinda. Tuambieni.

Sasa nakuja kwenye sababu ya kumleta Mzee Patch hapa kwetu.

Vita ile haikuwa ya Ulaya peke yake. Ilipiganwa hapa tulipo. Agosti 1914 Wajerumani walitoka upande huu wakaichukua Taveta. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Uingereza yakashambulia kilima cha Salaita, mnakipita mkienda Voi, wakarudishwa nyuma kwa damu nyingi. Machi wakaja tena, wakapigana vilima vya Latema na Reata, hivi hivi mnavyoviona, ndipo wakapita kwenda Moshi. Makaburi ya maaskari yapo Taveta mpaka leo, yamepangwa safi. Lakini waliobeba mizigo, makumi ya maelfu ya babu zetu waliokufa kwa njaa na kuhara na uchovu, wengi wao hawana kaburi lenye jina. Wamebaki kwenye jina la soko tu, Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi, kutokana na kikosi cha wachukuzi. Na babu wa upande huu alishikishwa bunduki ampige babu wa upande ule, kwa ugomvi wa wafalme ambao hawakujua hata kijiji chake. Hapa tunapoimba "haleluya" pamoja leo palikuwa mstari wa mbele. Mnauona muujiza? Huu ushirika ni muujiza!

Turudi Ubelgiji. Novemba 2004, Mzee Patch ana miaka 106, wakampeleka kule alikopigana. Na kule akakutanishwa na mzee mwingine, Charles Kuentz, miaka 107. Kuentz alipigana Passchendaele ile ile, lakini upande wa Wajerumani. Alitoka Alsace, jimbo lililokuwa la Ujerumani alipozaliwa, na baada ya vita likarudi Ufaransa. Watu wa mpakani mnaelewa maneno haya. Yeye hakuuvuka mpaka, mpaka ndio ulimvuka yeye.

Mzee Patch alikuwa na wasiwasi kukutana naye, hakuficha. Usidhani mtu akifika miaka 106 moyo unalainika wenyewe. Uzee hauponyi chuki, unaizeesha tu. Lakini alikwenda. Wakakutana wale wazee wawili, jumla yao miaka 213. Kuentz alimletea bati la biskuti za kwao. Patch alimletea kinywaji cha tufaha cha Somerset. Walokole, msiniulize kama kilikuwa na kilevi, ndicho kilichokuwa zawadi ya kwao. Wakashikana mikono. Wakazungumza habari ya amani, na Patch akarudi anasema yule bwana ni muungwana sana. Miaka themanini na saba amemweka adui moyoni, amekuja kumkuta ni babu mwenye biskuti.

Na mwaka uliofuata, 2005, Kuentz akafariki. Wangesema "tuahirishe, safari ni ngumu, baridi kali," ule mkono usingeshikwa milele.

Nataka niwe mkweli kwenu. Sitamgeuza Mzee Patch kuwa mlokole kwa sababu nimesimama madhabahuni. Yeye mwenyewe alieleza kwamba imani aliyokwenda nayo vitani ilimponyoka kule. Alirudi akajiunga na kwaya ya kanisa akitumaini itarudi, akafurahia nyimbo na marafiki, lakini hakusema kwamba ilirudi kama zamani. Zamani ningeiruka sehemu hii. Leo siiruki, kwa sababu najua hapa ndani kuna mtu anaimba kwaya na moyoni ameumia mahali, hajamwambia mtu. Unapiga makofi, unatoa sadaka, na kuna tarehe yako ya 22 Septemba unajifungia nayo peke yako. Sikukemei. Nakuambia usikae nalo miaka themanini. Yakobo sura ya tano inatufundisha kuungamiana na kuombeana tupate kuponywa. Mzee wa watu alikosa mtu wa kumwambia. Wewe una kanisa.

Na sasa neno la pili, na hili linanihusu mimi.

Wengi mnajua kwamba kuna kiti hapa mbele hakina mtu. Mtumishi mmoja wa upande wa pili, tuliyeanza naye mikutano ya mpakani, hajafika kwenye ushirika huu kwa miaka sita. Mnajua sababu, mnaogopa kusema mbele yangu. Nitaisema mimi. Tulichanga pande zote mbili tukanunua vyombo vya sauti. Baada ya mkutano vyombo vikabaki kwake, miezi ikapita. Mimi nikasimama kwenye kikao cha wazee nikasema ameviiba. Nilitumia neno hilo, mwizi. Baadaye ikajulikana kwamba karatasi za kuvivusha zilikuwa hazijakamilika, na aliyetakiwa kuzikamilisha alikuwa mimi. Vyombo vikaja. Hakuna hata waya uliopungua. Nami nikamtumia ujumbe wa simu, maneno matatu, "Samahani kwa usumbufu." Ndugu zangu, unamwita mtu mwizi mbele ya wazee ishirini, halafu unaomba radhi kwenye simu kama mtu aliyechelewa kikao!

Miaka sita nimehubiri msamaha. Watu wameokoka. Nikivuka mpaka, nazunguka njia nyingine nisipite dukani kwake.

Nilipokuwa naandaa somo hili nikasoma habari za zile biskuti, nikashindwa kuendelea kuandika. Alhamisi usiku nikampigia. Akapokea, nikataja jina langu, akanyamaza. Nikamwambia sijapiga kujitetea. Akanyamaza tena. Halafu akasema neno moja, "Njoo." Simu ikakatika, sijui ni yeye au ni mtandao.

Kwa hiyo leo, kwa kuwa nilimchafua mbele yenu, namsafisha mbele yenu. Yule mtumishi hakuiba. Mimi ndiye nilikosea, na nilijua nimekosea, nikanyamaza kwa kiburi. Wazee mliokuwepo siku ile, naomba mnisamehe, na lile neno mlifute kwenye vinywa vyenu kama nilivyoliweka. Jumatatu, Bwana akipenda, navuka. Nimemtafutia mkungu wa ndizi mshare. Sijui atanipokea vipi. Anaweza kuniambia kaa, anaweza kuniambia toka. Hiyo ni haki yake. Yangu ni kwenda. Mathayo tano inasema sadaka iache hapo madhabahuni, ukapatane kwanza na ndugu yako. Haisemi subiri akutafute.

Namalizia.

Mzee Harry Patch alifariki asubuhi ya tarehe 25 Julai 2009, akiwa na miaka 111. Ndiye aliyekuwa wa mwisho kati ya wote waliopigana katika mahandaki ya Ulaya Magharibi. Mpaka mwisho alisema vita haistahili hata uhai wa mtu mmoja, na kwamba wale wakubwa waliomaliza vita mezani wangeweza kukaa kwenye hiyo meza tangu mwanzo, kabla ya wale mamilioni kufa. Ibada yake ya mazishi ilifanyika kanisa kuu la Wells tarehe 6 Agosti. Alikuwa ameacha wosia kuhusu ibada hiyo: silaha isiingie. Hata panga za heshima zile za gwaride, zisiingie. Jeneza lake likabebwa na askari vijana wa Uingereza, na pembeni yake wakatembea askari wawili wa Ubelgiji, wawili wa Ufaransa, na wawili wa Ujerumani. Wajerumani wanamsindikiza! Wajukuu wa yule aliyekuja na singe. Kisha akarudishwa kwao, akazikwa Monkton Combe, karibu na wazazi wake na kaka yake.

Nafikiri juu ya yule Mjerumani aliyepigwa mguuni. Hatujui jina lake. Kama alirudi kwao akaoa, kuna watoto, kuna wajukuu, kuna watu wanaishi leo kwa sababu kijana wa miaka 19 alikumbuka amri moja kwa sekunde nne. Hiyo nayo ni kuhesabu siku.

Haya, tusimame. Mpiga kinanda, polepole. Sitaita watu mbele leo. Kama una mzee nyumbani hujamuuliza habari zake, mwahidi Bwana siku utakayokwenda. Taja siku, usiseme "siku moja." Kama una mtu uliyemchafua mbele za watu, taja jina lake hapo ulipo, kwa sauti ya chini, Mungu anasikia. Na wewe uliyebeba jambo miaka mingi, baada ya ibada wachungaji na mama zetu wako kule chini ya mwembe. Hawatakuuliza maswali mengi. Watakaa nawe.

Na mniombee na mimi. Jumatatu saa tatu asubuhi nitakuwa mpakani na ndizi zangu. Nitapita barabara ya dukani kwake.

Bwana awabariki. Amina.